Maswali na Majibu: Treni Zinazozunguka Mji

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi kwamba miji mikubwa mingi duniani ina metro, yaani treni za mjini zinazopita zaidi chini ya ardhi, na kwamba baadhi ya miji hiyo ina njia moja inayozunguka kama pete badala ya kwenda na kurudi. Maelezo yale yalichukua nusu ukurasa tu, lakini barua zilizofika mezani kwangu hapa Mbeya zingejaza toleo zima. Nimechagua saba. Baadhi nimezifupisha, ila maana yake sikuigusa.

KONDAKTA WA DALADALA, UYOLE

Shemeji yangu anayeishi London amenisimulia kwamba kule kuna treni inayoitwa Circle, maana yake duara, lakini ukiipanda haizunguki. Anasema inafika mahali inasimama na abiria wote wanashushwa. Nimebishana naye sana. Je, ni kweli? Na kama zamani ilikuwa ikizunguka, kwa nini waliacha? Sisi huku tukikatisha ruti tunapigwa faini.

Jibu: Ndugu yangu, mtake radhi shemeji yako, maana amesema kweli tupu.

London ndio mji wa kwanza duniani kuendesha treni za abiria chini ya ardhi. Kipande cha kwanza, kati ya Paddington na Farringdon, kilifunguliwa tarehe 10 Januari 1863, na kwa kuwa treni za umeme zilikuwa bado, mabehewa yalivutwa na vichwa vya mvuke humohumo handakini, pamoja na moshi na cheche zake. Mwaka huohuo kamati ya Bunge la Uingereza ilipendekeza ijengwe pete ya kuunganisha stesheni kuu, kwa sababu kampuni za reli zilikuwa zimefikisha treni zao pembezoni tu, kila moja na stesheni yake, na abiria aliyeshuka kaskazini akitaka kuendelea na safari ya kusini alipaswa kuukatiza mji kwa gari la farasi. Mfikirie msafiri aliyeshuka treni Iyunga na magunia yake matatu, halafu basi lake la kuendelea linaondokea Uyole; hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Kazi ilipewa kampuni mbili, Metropolitan na District, kwa matumaini kwamba siku moja zingekuwa kampuni moja. Matumaini hayo yalikufa mapema. Metropolitan ilikuwa chini ya Edward Watkin na District chini ya James Staats Forbes, watu wawili ambao walikuwa mahasimu hata katika kampuni nyingine za reli walizoziongoza, na kila mmoja alihesabu hatua ya mwenzake kuwa hasara yake. Kwa ugomvi huo, na kwa uhaba wa fedha, pete iliyopendekezwa mwaka 1863 ilikuja kufungwa tarehe 6 Oktoba 1884. Hata hapo amani haikupatikana. Treni za kuzungukia upande mmoja zilikuwa hasa za Metropolitan, za upande wa pili hasa za District, kila kampuni ikiwa na dirisha lake la tiketi, na husimuliwa kwamba mgeni aliyekosea dirisha aliuziwa safari ya kuzunguka karibu mji mzima ilhali kituo alichokitaka kilikuwa hatua chache upande wa pili. Wapiga debe wetu wa stendi wana ndugu zao wa kale.

Sasa nije kwenye sababu ya kuacha, ambayo wewe unaijua kuliko mimi. Gari likifika Mbalizi unashuka, unazipanga noti ulizokuwa umezikunja kwa urefu katikati ya vidole, unaona hesabu ya tajiri imefikia wapi. Dereva anajinyoosha mgongo, anakunywa chai. Siku mliyokwama kwenye foleni ya Mafiati dakika kumi, chai haipo: mnapakia na kugeuza papo hapo, na zile dakika kumi zimekwisha kulipwa. Kituo cha mwisho ni mahali pa kulipia deni la muda, na treni inayozunguka haina mahali hapo. Ikichelewa dakika nne asubuhi, inazibeba kituo hadi kituo, raundi hadi raundi, ikiongeza nyingine juu yake, na treni inayoifuata inalirithi deni.

Ingekuwa reli ni yake peke yake, pengine ingevumilika. Lakini Circle haikuwahi kuwa na reli yake isipokuwa vipande vifupi sana; kwingine kote inachangia na treni za District, Metropolitan na Hammersmith & City, na kwenye makutano zinapishana kwa kusubiriana kama magari kwenye kipilefti. Mmoja akichelewa, wote wamechelewa. Kwa hiyo tarehe 13 Desemba 2009, baada ya miaka 125, duara lilikatwa. Tangu siku hiyo treni huanzia Hammersmith, magharibi mwa mji, hufika Edgware Road, huzunguka pete nzima mara moja, kisha huingia tena Edgware Road na kuishia hapo, na kurudi Hammersmith kwa njia ileile iliyojia. Kwenye ramani inafanana na kitanzi chenye mkia. Jina la Circle wameliacha, na mimi sioni kosa, kwani hata kwetu vipo vituo vinavyoitwa kwa jina la mwembe uliokatwa zamani.

Usidhani, hata hivyo, kwamba duara limeshindikana kila mahali. Yamanote ya Tokyo, yenye kilomita 34.5 na vituo 30, ilifunga duara lake tarehe 1 Novemba 1925 na inazunguka hadi leo. Lakini nayo ilibidi mwaka 1956 itenganishwe na njia nyingine iliyokuwa ikitumia reli zilezile katika upande wa mashariki. Siri ni hiyo: anayetaka kuzunguka na awe na reli yake.

MCHIMBAJI MDOGO, CHUNYA

Huku kwetu shimo la dhahabu tunaliita duara, kwa hiyo niliposoma juu ya treni za duara nilidhani mmeandika habari zetu. Naomba kujua wanachimbaje chini ya mji wenye majumba bila majumba hayo kuanguka. Sisi matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta za shimo, yakiwa hafifu tunabaki kumwomba Mungu.

Jibu: Umenichekesha, ndugu mchimbaji, ingawa neno lako la mwisho si la kuchekesha.

Pete ya London kwa sehemu kubwa haikuchimbwa kama mnavyochimba ninyi, ilichimbwa kama mafundi wa maji wanavyolaza bomba. Barabara ilifumuliwa, mtaro mpana ukachimbwa, kuta za matofali zikasimamishwa pande mbili, tao likajengwa juu, kisha udongo ukarudishwa na barabara ikatengenezwa upya. Ndiyo sababu njia zile ziko karibu sana na uso wa ardhi na hupenda kufuata barabara. Pale zilipokosa barabara, nyumba zilivunjwa. Kando ya mto Thames, njia ya District ilipitishwa ndani ya ukingo mpya wa mto uliojengwa chini ya mhandisi Joseph Bazalgette, ambamo lilipita pia bomba kuu la maji taka la mji, hivyo abiria na maji taka wakasafiri ubavu kwa ubavu.

Katika mtaa wa Leinster Gardens kuna nyumba mbili, namba 23 na 24, zenye milango, nguzo na roshani kama za majirani zao, lakini madirisha yake ni rangi iliyopakwa na milango yake haifunguki. Ni ukuta mtupu, wenye unene wa mita moja na nusu hivi. Nyuma yake kuna shimo lililoachwa wazi tangu miaka ya 1860 ili vichwa vya mvuke vipate mahali pa kutolea moshi kabla ya kuzama tena handakini, na kwa kuwa mtaa ule ulikuwa wa wenye nacho ambao hawakutaka kutazama shimo, ilijengwa sura ya nyumba mbele yake. Treni za Circle hupita hapo chini hadi leo.

Njia ya pili ndiyo inayokaribiana na kazi yenu. Mwaka 1825 Marc Brunel alianza kutoboa handaki chini ya mto Thames akitumia ngao kubwa ya chuma iliyogawanywa vyumba, kila mchimbaji akiwa ndani ya chumba chake, na ngao ikisogezwa mbele kidogokidogo huku mafundi wakijenga matofali nyuma yake. Maji yaliwavamia zaidi ya mara moja, watu wakafa, na handaki halikufunguliwa mpaka mwaka 1843. Mashine za siku hizi ni wajukuu wa ngao ile: kichwa kinachozunguka hukata udongo mbele, na nyuma yake vipande vya zege huunganishwa kuwa pete kabla ardhi haijapata nafasi ya kulegea. Ni matimba tu, ndugu yangu, ila yanawekwa kila hatua bila kuruka.

Na yakirukwa, au yakipimwa vibaya, hata nchi tajiri hulia. Singapore ilipokuwa ikijenga njia yake ya mzunguko, tarehe 20 Aprili 2004, mtaro wenye kina cha mita 30 hivi uliokuwa kando ya barabara ya Nicoll Highway uliporomoka na kuua watu wanne. Uchunguzi ulionyesha kwamba maungio ya vyuma vilivyokuwa vikizizuia kuta yalikuwa dhaifu kuliko mzigo wake, na kwamba vipimo vilikwisha kuonya mapema kuwa kuta zinasogea. Handaki la pale liliachwa, na kituo kikajengwa pembeni. Nakuandikia haya wewe hasa, kwa sababu ukuta unaosogea hutoa habari kabla ya kuanguka, iwe Singapore au Chunya.

MSTAAFU WA RELI, MAKAMBAKO

Nimefanya kazi karakana ya reli miaka mingi. Treni ikipinda kona moja kila siku, flenji, yaani kingo za magurudumu zinazoshika reli, za upande mmoja huisha kabla ya wenzake. Hiyo treni ya duara, ambayo kazi yake ni kona tu, si itakwisha upande mmoja? Na dereva wake anaandika nini mbele ya treni, kama hana anakokwenda?

Jibu: Shikamoo mzee. Maswali yako mawili yangemtoa jasho mhandisi kijana.

Kuhusu magurudumu, hofu yako ni ya haki. Kwanza niseme kwamba hakuna pete ya metro iliyo duara la bikari. Zote zina sehemu zilizonyooka na hata kona za kupinda nje, ambazo hupunguza madhara kidogo. Lakini jumla ya yote treni hupinda upande mmoja, na upande mmoja huumia zaidi. Wengi wakisikia hivyo hudhani dawa ni kuihamishia treni kwenye reli ya pili ili izunguke kinyume. Haisaidii sana, kwa sababu upande uliokuwa ukitazama nje ya duara utaendelea kutazama nje hata treni ikirudi ilikotoka. Dawa ni kuigeuza treni yenyewe kichwa kuwa mkia, au kuyakereza magurudumu mara kwa mara kwenye mashine ya karakana, kazi ambayo naamini mikono yako inaikumbuka.

Ungefurahi zaidi na Glasgow. Reli yake ya chini ya ardhi ilifunguliwa tarehe 14 Desemba 1896, ni pete moja tupu ya kilomita 10.5 na vituo 15, na upana wa reli yake ni milimita 1,219, yaani umeizidi TAZARA yenye 1,067 kwa sentimita 15 hivi. Mwanzoni mabehewa hayakuwa na injini; yalishika kamba nene ya chuma iliyokuwa ikizunguka bila kusimama, kila upande wa kuzungukia na kamba yake, zikivutwa na mitambo ya mvuke iliyokuwa mtaa wa Scotland Street, na hali hiyo iliendelea mpaka umeme ulipoingia mwaka 1935. Cha ajabu zaidi ni kwamba handaki halikuwa na njia ya kutokea. Behewa likihitaji matengenezo lilisimamishwa juu ya shimo kule Govan na kunyanyuliwa kwa winchi mpaka karakana iliyokuwa juu, na vivyo hivyo likishushwa. Walifanya kazi hiyo kwa miaka 80, hadi reli ilipofungwa mwaka 1977 ili ifanyiwe ukarabati mkubwa; ilipofunguliwa tena mwaka 1980 treni zikawa na njia ya kupandia juu zenyewe.

Kuhusu maandishi ya mbele: Glasgow husema Pete ya Nje na Pete ya Ndani, na Tokyo husema hivyohivyo kwa Kijapani. Waingereza na Wajapani, kama sisi, hupita kushoto. Basi anayezunguka kwa kufuata mishale ya saa, kushoto kwake ni nje, naye ndiye wa Pete ya Nje. Mji unaopita kulia mambo hugeuka.

MWANAFUNZI WA KIDATO CHA NNE, TUKUYU

Mwalimu wetu alitusimulia kwamba Stalin aliweka kikombe cha kahawa juu ya ramani ya metro ya Moscow, alama ya kahawia ikabaki, na wahandisi kwa woga wakajenga reli palepale. Ni kweli?

Jibu: Mwanangu, hicho ni kisa kitamu ambacho Warusi wenyewe hukisimulia, na kimekolezwa na jambo moja la kweli, nalo ni kwamba pete ya Moscow huchorwa kwa rangi ya kahawia kwenye ramani. Lakini reli haichimbwi kwa alama ya kikombe. Pete ile, Koltsevaya, yenye kilomita 19.4 na vituo 12, ilifunguliwa kwa awamu tatu, mwaka 1950, 1952 na 1954, na ukiitazama ilikopita utaiona sababu: inagusa stesheni kuu 7 za treni za mbali, tatu kati yake zikiwa mahali pamoja, kwenye kituo cha Komsomolskaya. Stesheni hizo zilikuwepo kabla ya kikombe chochote. Bila pete, abiria wote wa kubadili treni wangejazana katika vituo vya katikati ya mji.

Mwambie mwalimu wako jambo jingine, nalo si hadithi. Katika pete hiyo, ukizunguka kwa kufuata mishale ya saa husikia vituo vikitangazwa kwa sauti ya mwanamume, na ukizunguka kinyume husikia sauti ya mwanamke, jambo linalomsaidia sana asiyeona. Moscow sasa ina pete kubwa zaidi, iliyokamilika tarehe 1 Machi 2023, yenye urefu wa kilomita 70 hivi na vituo 31, ambayo imeipita ile ya Njia ya 10 ya Beijing yenye kilomita 57 na vituo 45 iliyofungwa mwaka 2013.

MSOMAJI WA KALENGA, IRINGA

Nimesikia kwamba Beijing walibomoa ukuta wa kale wa mji ili wapitishe treni. Sisi tunaoishi penye mabaki ya ngome ya Mtwa Mkwawa habari hiyo inatugusa.

Jibu: Umesikia sawasawa. Ujenzi wa metro ya Beijing ulianza mwaka 1965, na mahali pengi mtaro wa reli ulichimbwa palepale ukuta na handaki lake la maji vilipokuwa, kwa sababu eneo lilikuwa la serikali na halikuhitaji kubomoa maelfu ya nyumba. Njia ya 2 leo ni pete ya kilomita 23 yenye vituo 18, na majina ya vituo 11 yanaishia na neno «men», yaani lango. Malango yenyewe karibu yote hayapo. Ngome ya Kalenga iliangushwa na mizinga ya Wajerumani mwezi Oktoba 1894. Ukuta wa Beijing uliangushwa na wenyewe, wakati wa amani, na mimi nashindwa kuamua kipi kinauma zaidi.

MAMA MUUZA VIAZI MVIRINGO, SOKO LA MWANJELWA

Mwanangu, nasikia Dar es Salaam wana treni za umeme sasa. Nasi Mbeya tukijengewa hiyo ya kuzunguka mji, si foleni itakwisha? Mzigo wangu kutoka Uyole unakaa njiani mpaka viazi vinaota.

Jibu: Shikamoo mama, na pole kwa foleni. Treni za umeme ulizosikia, zilizoanza mwaka 2024, ni za kwenda Morogoro na Dodoma. Si metro ya kuzunguka mji. Na kwa Mbeya jibu langu ni hapana, nami sitaki ulichukue juujuu.

Reli ya pete ni kamba ya mzigo wa kuni. Kuni zikiwepo, kamba inazishika pamoja na mzigo unabebeka. Kuni zisipokuwepo, una kamba tu mkononi. Kuni hapa ni njia zinazotoka katikati ya mji kwenda pande zote, na pete huzikata zote ili mtu anayetoka mtaa mmoja wa pembeni kwenda mwingine asilazimike kuingia katikati na kutoka tena. Copenhagen ilianza na njia za kawaida mwaka 2002, ndipo tarehe 29 Septemba 2019 ikafungua pete yenye kilomita 15.5 na vituo 17, ambayo treni zisizo na dereva huizunguka kwa dakika 24. Mji ule una watu 600,000 na ushei tu, kwa hiyo hoja si wingi wa watu peke yake.

Hoja ni umbo. Mji wetu haukukua kama sinia, umejinyoosha kama kamba ya kuanikia nguo kutoka Uyole hadi Mbalizi, barabara ya TANZAM ikiwa ndiyo kamba yenyewe na mitaa ikining'inia huku na huku. Kaskazini mlima Loleza umesimama. Nusu ya pete ingepanda mlimani kumtafuta abiria ambaye hayupo, wakati wewe na viazi vyako mngekuwa bado mmesimama Mafiati. Mji wa namna hii unahitaji mstari ulionyooka wenye njia yake peke yake, kama ilivyo kwa mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, na pembeni yake daladala na bajaji za kuuletea abiria. Mzigo wako nao ungepata nafasi barabarani kwa sababu watu wangekuwa wamepungua humo.

Dar es Salaam ni habari nyingine. Barabara za Kilwa, Nyerere, Morogoro na Bagamoyo zinatoka mjini kama vidole vya mkono, na barabara za Mandela na Sam Nujoma zinapita kando kutoka eneo la bandari kupitia Tazara, Buguruni na Ubungo hadi Mwenge. Hiyo tayari ni nusu pete, ingawa ya magari. Mwendokasi ilianza kidole kimoja, barabara ya Morogoro, mwaka 2016. Kabla yake, Oktoba 2012, zilianza treni za abiria wa mjini kwenye reli za zamani, zile ambazo watu waliziita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, aliyekuwa pia mbunge wetu wa Kyela. Kuni zinakusanywa polepole. Siku ya kamba ikifika, naamini itapita karibu na Mandela na Sam Nujoma.

Lazima nikiri, mama, kwamba upo mji ulionivurugia mfano wangu. Seoul ilikuwa na njia moja tu ya metro, ya mwaka 1974, ilipoamua kwamba ya pili iwe pete ya kilomita 48.8, ikaimaliza mwaka 1984, kabla ya njia ya tatu na ya nne. Sehemu ya kusini ya pete hiyo ilipita Gangnam, ambako miaka michache nyuma yalikuwa mashamba. Serikali ilitaka mji uvuke mto Han na kupanuka, ikatanguliza reli, na majumba yakaifuata. Leo njia hiyo ni miongoni mwa zinazojaa kupita zote nchini mwao. Seoul ilinunua kamba kwanza, kisha ikapanda miti. Lakini ilikuwa na tambarare ya kupandia, na sisi upande ule tuna Loleza.

MWANACHUO, IRINGA MJINI

Nikipanda treni ya duara nikapitiwa na usingizi, nitaamkia wapi?

Jibu: Inategemea mji. Yamanote ya Tokyo humaliza raundi kwa muda wa saa moja hivi, na wapo wengi wanaosinzia humo, hivyo ukilala saa nzima unaweza kuamkia palepale ulipopandia, almradi treni yako si mojawapo ya zile zinazoishia Osaki kwenda kupumzika. Glasgow raundi ni dakika 24 tu na nauli ni moja, kwa hiyo hata usingizi mfupi utakurudisha kwenye kituo chako. London, tangu mwaka 2009, utaguswa bega Edgware Road na kuambiwa ushuke.